UZI: Unanunua TV ya milioni na ushee kwa ajili ya mpira na PS (PlayStation)? Beba flashi, beba padi, beba na shuka

kochi_la_ilazo (mleta uzi)

Wakuu habari za mchana, wa Dodoma wenzangu poleni na vumbi. Huu uzi nimeuahidi siku nyingi. Mwezi uliopita nimezunguka maduka ya hapa mjini kama wiki mbili hivi natafuta TV ya inchi 55, mpaka wauzaji wakawa wananiita "yule bwana wa shuka", la shuka nitalieleza huko chini. Mimi sio fundi, ni mtumishi wa kawaida nashinda Mtumba kwenye ofisi za serikali, jioni nikirudi Ilazo nataka mpira na gemu basi. Bajeti milioni moja na laki mbili, haizidi hata shilingi maana mama watoto alishapiga mstari.

Kilichonifanya niwe makini ni jirani yangu. Alinunua TV boksi limeandikwa 4K, HDR, QLED, 120, sijui na maneno gani mengine, dukani inawaka rangi kama kitenge kipya. Kufika nyumbani wachezaji sura nyekundu kama wametoka kuota moto, usiku ukiweka sinema yenye giza unaona ukungu wa kijivu tu, na kijana wake akibonyeza padi apige shuti mchezaji anapiga wakati beki ameshafika na kuondoka na mpira. Wakasema PS imekufa. Wakaipeleka PS kwa fundi!! Fundi akala elfu thelathini ya kusafisha feni (halali yake, ilikuwa imejaa vumbi inaunguruma kama bajaji inapanda mlima) na tatizo likabaki palepale. Dogo alikaa wiki mbili anaamini kiwango chake kimeshuka.

Sasa iko hivi. Dukani TV inakuwa kwenye modi ya duka. Ukiiwasha mara ya kwanza inauliza uko nyumbani au dukani, wao wanachagua dukani, basi taa za nyuma ya kioo zinapanda mpaka mwisho, rangi zinakolezwa, weupe unavutwa uwe wa bluu ili ishindane na taa za duka na TV ya pembeni. Na ile video yao ya matone ya maji na vinyonga na matunda yaliyokatwa imetengenezwa makusudi, kinyonga yule hata kwenye TV ya chogo anapendeza. Huwezi kuhukumu kitu hapo. Mwambie aibadilishe iwe ya nyumbani kisha aweke modi ya sinema, usishtuke ikionekana ya njano, macho yanazoea ndani ya dakika kumi, weupe unaotumika studio ni wa 6500K (kipimo cha weupe, namba ikipanda unakuwa wa bluu) na sisi tumezoeshwa ule wa bluu tu. Ukali wa picha, ule unaochora mstari mweupe kuzunguka watu, ushushe karibu na sifuri.

Halafu unachomeka flashi yako. Yangu ilikuwa na vitu vichache tu. Kuna picha ya kijivu tupu kioo kizima, hiyo ndo inafichua madoa. TV nyingi za bei ya kati zina sehemu zilizofifia, ukiangalia matangazo huzioni ila kwenye mpira kamera ikianza kufuata winga unaona kabisa kuna uchafu umeganda hausogei na uwanja. Kuna picha nyeusi tii yenye kiduara cheupe katikati. Na kuna picha ya bibi yangu amekaa kivulini chini ya mbuyu, kitenge cha rangi nzito, nyuma yake jua la saa saba. Hii picha imenisaidia kuliko vyote. TV mbovu inafanya moja kati ya mawili, au bibi anazama anakuwa kivuli kitupu, au wanampandisha anaonekana kapauka kama kapakwa majivu na mawingu ya nyuma yanaungua yanakuwa karatasi. Wewe weka picha ya mtu wako unayemjua rangi yake, usiweke kinyonga, kinyonga humjui.

Shuka sasa. Ile picha nyeusi dukani haina maana sababu taa zimejaa, kila TV inaonekana nyeusi. Kwa hiyo nilikuwa naingia na shuka la kimasai, najifunika mimi na kona ya TV kama wapiga picha wa zamani. Mara ya kwanza mlinzi alikuja. Lakini chini ya shuka ndo niliona tofauti ya paneli (kioo chenyewe cha ndani), na hili ndo jambo kubwa kwenye picha kuliko hiyo 4K mnayoimba (4K saiv ziko zote, pikseli milioni nane na ushee, hiyo vita imeisha). TV za LED za kawaida zina kioo cha aina mbili, VA au IPS. VA inaziba mwanga wa nyuma vizuri, kontrasti yake (tofauti ya cheupe na cheusi) inaanzia kama 3000 kwa 1 kwenda juu, IPS iko kwenye 1000 kwa 1. Yaani kwenye IPS usiku kile unachoambiwa ni cheusi ni kijivu. QLED isikutishe, ni LED ileile imewekewa tabaka la kuongeza rangi, mwanga bado unatoka nyuma. Na modeli moja inaweza kuja na kioo cha VA kwenye inchi 55 na IPS kwenye inchi 50, usiamini jina, amini shuka.

Gemu. Hapa watu wanaibiwa sana. Kuna mambo mawili wanayachanganya, Hz na lagi. Hz ni kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Cha 60 kinabadilisha kila milisekunde 16.7, cha 120 kila 8.3. Lagi ni muda kutoka unabonyeza mpaka unaona, na unaletwa zaidi na TV kuichakata picha, kuilainisha, kuinoa, kuongeza fremu za katikati. Modi ya gemu inazima hayo yote. TV nzuri ikiwa kwenye modi ya gemu inachelewa milisekunde kama 10 hadi 15, TV hiyohiyo ukiiweka Vivid (ile modi ya rangi kali) inaweza kupita 100. Ndo yaliyomkuta dogo wa jirani. Nilienda kwake na simu yangu inarekodi slomo ya fremu 240 kwa sekunde, nikarekodi kidole na kioo pamoja, kila fremu ni milisekunde 4 na kidogo. Ilivyokuwa, nilihesabu fremu 51 toka kidole kimegonga mpaka mchezaji anastuka. Nikaweka modi ya gemu, 25. Tofauti fremu 26, zaidi ya milisekunde mia moja, na hatujanunua chochote. Kumbuka hiyo hesabu ina lagi ya gemu yenyewe na padi ndani yake kwa hiyo usiisome kama lagi ya TV, wewe linganisha TV na TV kwa gemu ileile. Rekodi mara tano, namba inachezacheza.

Sasa ile "120" ya kwenye boksi. Mara nyingi ni neno la biashara, kioo ni cha 60 wameongeza hesabu za kulainisha mwendo. Kuna nyingine zinapokea 120 kweli ila kwa 1080p (mistari 1080, nusu ya ile ya 4K), kioo cha 60 kinaunganisha mistari miwili miwili kinapata kasi na kinapoteza nusu ya mistari ya kwenda chini. Sio uongo kabisa, ila sio 4K 120 unayodhani. Na usidanganywe na "HDMI 2.1" iliyochapwa (HDMI ni lile tundu la waya wa picha na sauti, 2.1 ni toleo lake), mwishoni mwa 2021 ilikuja kujulikana kuwa mtengenezaji anaruhusiwa kuandika 2.1 hata kama haina 4K 120, yale mambo yote mazuri ni ya hiari. Mwenye PS5 aingie mipangilio ya skrini na video, kuna ukurasa unaonyesha TV inapokea nini, 4K ikiishia 60 basi ni 60 hata muuzaji aape.

HDR (picha yenye mwanga mkali na giza nzito kwa pamoja) kwa bei yetu sipotezi muda. Filamu zinaandaliwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha ung'avu wa kioo) 1000 na zaidi, TV zetu nyingi ziko kwenye 300 hivi. Inasoma HDR, haiwezi kuionyesha. Wakati mwingine ukizima inakuwa nzuri zaidi.

Nilichobeba mimi mwisho wa siku ni VA, kioo cha 60, modi ya gemu safi, sio QLED, na laki na nusu ikabaki. Maswali ruksa.

bogi_la_sgr

Mkuu yote hayo kwa ajili ya TV? TV ni TV. Nimesoma mpaka shuka nikacheka nikaacha.

kochi_la_ilazo

Sawa kiongozi, siku ukifungwa dakika ya 90 na bot (timu ya kompyuta) urudi umalizie.

chips_kavu

Aisee huu uzi umenigusa pabaya. Nina TV ya 4K mwaka wa pili, kila siku nalalamika king'amuzi picha chenga, nikawa nasema TV feki. Baada ya kusoma nimegeuza TV nyuma, nimekuta nimechomeka nyaya za njano nyekundu nyeupe. Fundi wa dishi ndo aliziweka siku ya kwanza na mimi sijawahi kugusa. Nimenunua waya wa HDMI elfu kumi hapo Majengo, nimeona namba za jezi jamani. NAMBA ZA JEZI.

kochi_la_ilazo

Haha pole sana mtu wangu. Ile njano ni 576, mistari 576 tu inatandazwa kwenye 2160 lazima iwe uji. Ingia na kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080, vingine vinakuja vimewekwa chini.

dada_wa_makole

Mleta uzi mimi napingana na wewe kwenye VA. Umeandika kama mtu anayeishi peke yake. Sebuleni kwangu siku ya Simba na Yanga tuko kumi na mbili, wawili kwenye kochi, wengine mkekani, shemeji zangu wamekaa mlangoni kabisa pembeni. VA ukiiangalia pembeni inapauka, jezi ya njano inakuwa kama maziwa yamemwagiwa chai. Nilikuwa nayo nikaiuza. Sasa nina IPS, hata aliyesimama dirishani anaona rangi ileile. Na Dodoma hii jua linavyopiga, saa kumi jioni nani anaangalia weusi wa sinema? Kuna mwanga mpaka chini ya meza. Mimi ningemshauri mtu aangalie kioo kinavyoakisi dirisha kwanza, kuna TV mchana unajiona wewe mwenyewe tu umekaa.

kochi_la_ilazo

Dada hapo umenishika, sina la kubisha. Mimi naangalia usiku watoto wamelala na nakaa katikati ndo maana. Kwa sebule ya watu kumi na mbili IPS ni sahihi. La kuakisi sikuliandika kabisa, ni kosa langu. Zima TV hapo dukani, angalia unajiona vipi, ikiwa kama kioo cha kinyozi iache.

hz_mia

Uzi mzuri ila acha niongeze na nikosoe kidogo kwa faida ya wanaocheza kweli, sio wa Jumapili Jumapili.

Moja, VA za bei ya kati nyingi ni nzito kwenye kubadilika kutoka cheusi kwenda kijivu. Ukicheza gemu ya risasi kwenye korido lenye giza, ukizungusha kamera unaona kivuli cheusi kinaburuzwa nyuma ya kila kitu. Kwenye gemu ya mpira huoni maana uwanja una mwanga. Kwa hiyo anayejaribu na gemu ya mpira peke yake hajamaliza kujaribu.

Mbili, zile zenye taa za nyuma zinazozima kwa vipande, kuna TV ukiingia modi ya gemu inazima hiyo kitu au inaipunguza nguvu, weusi wote ulioulipia unapotea palepale kwenye gemu. Kwa hiyo fanya jaribio la shuka ukiwa kwenye modi ya gemu, sio sinema tu.

Tatu, umeibeza 120 kirahisi. Kwa PS4 uko sahihi, PS4 ya kawaida inatoa 1080p 60 haina zaidi, hata Pro inaishia 4K 60. Ila mwenye PS5 akiwa na uwezo asubiri akusanye anunue yenye 120 ya kweli na VRR. VRR ni kioo kusubiri fremu ya gemu badala ya kukimbia kwa ratiba yake, picha haipasuki katikati. PS5 ilitoka Novemba 2020 bila hiyo kitu, ikaongezwa Aprili 2022. Nilikuwa nacheza gemu moja kabla na baada, sirudi nyuma. Wa Xbox wana nafuu kidogo, yenyewe inakubali na FreeSync (mfumo wa AMD wa kazi hiyohiyo) ya kwenye HDMI ya zamani.

Na jamani, TV yenye matundu manne ya HDMI mara nyingi mawili tu ndo yanapitisha 4K 120, na moja kati ya hayo ndo la saundbaa. Somo la bure hilo. Pia kwenye mipangilio ya tundu lazima uwashe ile ya kupokea kiwango cha juu, Samsung wanaita Input Signal Plus, LG wana Deep Colour yao. Usipoiwasha unaweza kukaa mwaka mzima unakula makombo.

kochi_la_ilazo

Mkuu la modi ya gemu kuzima vipande vya taa sikulijua, yangu haina vipande ndo maana sikukutana nalo. Nimechukua. Hiyo ya korido nimejaribu sasa hivi nikiwa naandika, kivuli kipo kweli, nilikuwa sijakiona mpaka umesema. Asante kwa kuniharibia jioni.

zabibu_kavu

Kwa wanaoumwa kichwa wakiangalia TV muda mrefu, weka skrini nyeupe, shusha mwanga nusu, halafu punga kalamu haraka mbele ya kioo. Ukiona kalamu nyingi nyingi zimetengana kama mapanga ya feni basi taa zake zinawaka na kuzima. Ukiona ukungu laini tu uko salama. Mke wangu alikuwa anaambiwa ni macho, tumebadilisha TV kichwa kimeisha. Sisemi ni dawa, nasema kwetu ilikuwa hivyo.

nzuguni255

Wakuu mimi niko serious nanunua Jumamosi. Nina PS4 Slim, sina mpango wa PS5 mwaka huu. Sebule ndogo, kochi liko mita mbili na nusu toka ukutani, dirisha linaangalia magharibi. Nimepata mbili, A ni inchi 58 inang'aa sana QLED, B ni inchi 55 imepoa poa haina mbwembwe, B ni rahisi kwa elfu themanini. Kuna jamaa pia ananiambia niagize Kariakoo nitaokoa laki. Nishaurini.

chips_kavu

Kariakoo agiza ila ujue TV inasafiri imesimama, ikilazwa kwenye buti la basi na magunia juu yake kioo kinaondoka. Shemeji yangu alipokea boksi zima pale stendi ya Nanenane, kufungua nyumbani kuna mstari wa utandu wa buibui. Kila mtu akamrushia mwenzake. Ukiagiza, fungua na uwashe kabla hujasaini popote, hata kama kondakta anapiga kelele.

kochi_la_ilazo

Nzuguni, mita mbili na nusu inchi 55 inakutosha, hizo tatu za juu hutaziona. Beba PS yako kwenye begi na padi na waya wako, ubebe na simu ya slomo. Kama muuzaji hataki kuchomeka PS nenda duka la pili, kuna la tatu na la nne. Ila usiende bila hela mkononi, wakiona hela wanachomeka.

hz_mia

Na ukaangalie kwa PS4 yako 1080p inavyokuzwa kwenda 4K. Angalia maandishi madogo ya menyu, kuna TV zinayatafuna. Hakikisha na kingo hazijakatwa, kama saa ya kona ya gemu imeingia nje ya kioo tafuta mpangilio wa kutosheleza skrini.

bogi_la_sgr

Nimerudi. Nimeangalia yangu, ilikuwa Vivid. Sitaki mtu aniambie kitu.

nzuguni255

Mrejesho wakuu. Nimetoka mjini sasa hivi, duka la kwanza walikataa, wakasema PS inaunguza mlango wa HDMI (???). La pili jamaa kaelewa, tena kaja na kiti akakaa na yeye anaangalia.

A kwenye sinema fremu 44, modi ya gemu 27. B modi ya gemu 23. Tofauti ya fremu nne za simu, nimepiga hesabu ni kama fremu moja ya gemu, nikasema sio ya kufa mtu. Kilichoiua A ni shuka (nilitumia khanga ya mama, imeandikwa neno lake nisilitaje hapa). Chini ya khanga A ina mwanga unavuja kona ya kushoto chini kama kuna mtu kaacha mlango wazi. Na ile ya kijivu ina bakora mbili katikati wima kabisa. B ina kivuli kidogo pembeni tu. Maandishi B yamenyooka. Ila pembeni B inapauka kama alivyosema dada wa Makole, mimi tuko watatu nyumbani nimekubali.

Nimebeba B. Elfu themanini nimenunua gadi ya umeme na waya.

Swali moja limebaki. Saa kumi na moja jua linaingia moja kwa moja linapiga kioo, sioni kitu. Nihamishe TV ukuta wa pili?

dada_wa_makole

Usiitundike ukuta unaotazama dirisha wala mbele ya dirisha lenyewe, iwe na dirisha ubavuni. Kama ukuta hauna tundu la umeme nunua pazia zito pale Sabasaba, rangi ya ugoro, ndo nilivyofanya.

nzuguni255

Ukuta wa ubavuni una tundu la umeme ila ndo kuna kabati la vyombo la mama.

dada_wa_makole

Basi nunua pazia.